Jaramogi Oginga Odinga: Jina, Vazi na Bezo la Wastaarabu

Karibu na Kondele, kando ya barabara iendayo Kakamega, ipo hospitali kubwa ambayo wakazi wa Kisumu wameizoea kwa jina la Russia. Katika nyaraka za serikali inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina hilo la pili ni refu mno kwa makanga wa matatu anayewahi abiria, na kwa bibi kizee aliyeshika kadi ya kliniki jina la kwanza linatosha. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ikafunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, na siku hiyo ya kufunguliwa damu ilimwagika. Ili kuelewa ni vipi jengo la kuwatibu wagonjwa liligeuka kuwa chanzo cha msiba, hapana budi kurudi nyuma na kuyatazama maisha ya mtu ambaye, tangu utoto hadi uzee, aliandamwa na swali moja katika sura nyingi: nani mstaarabu, na nani mshamba?

Ajuma Oginga Odinga alizaliwa takriban mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, katika eneo la Bondo. Alisoma Maranda, kisha Maseno, akaendelea katika Shule ya Upili ya Alliance na hatimaye Chuo cha Makerere, ambako alihitimu kuwa mwalimu. Kwa mtoto wa Kiafrika wa wakati huo hapakuwa na ngazi ndefu zaidi ya hiyo. Aliyeipanda hadi juu alihesabiwa kuwa mtu wa namna nyingine kabisa.

Waluo walikuwa na neno lao kwa watu wa namna hiyo: jonanga, yaani watu wa nguo. Awali neno hili liliwataja wale waliokubali dini na shule za misheni, wakavaa kaptura na mashati, wakawaacha nyuma ndugu zao waliovaa ngozi. Neno lenyewe halina ubaya. Hata hivyo, yafaa kuzingatia kwamba lilichagua nguo, wala si kitabu wala msalaba, kuwa alama ya tofauti kati ya watu wa boma moja. Nguo huonekana kutoka mbali. Mwenye kuivaa huonwa kabla hajasema lolote, na asiyeivaa vilevile. Kiswahili nacho baadaye kilipata naizesheni na wabenzi, maneno yaliyobuniwa na watu wa chini kwa ajili ya watu wa juu, na yenye kejeli kali zaidi kuliko jonanga.

Odinga aliingia katika tabaka hilo kwa njia ya kawaida. Alipobatizwa alipewa majina ya Obadiah na Adonijah. Misheni nyingi za wakati huo zilishikilia kwamba jina la ukoo halifai kuingia kanisani: lazima litangulizwe jina kutoka katika Biblia au kutoka Ulaya. Ni rahisi leo kulidogosha jambo hili na kuliona kuwa suala la mazoea tu. Lakini jina la Mluo hubeba habari. Huenda likataja wakati wa kuzaliwa, mvua au ukame, usiku au alfajiri. Huenda likamrudisha babu aliyefariki ambaye ukoo haukutaka asahaulike. Kumwambia mzazi kwamba majina hayo yote ni ya kipagani ni kumwambia kwamba wafu wake hawana heshima ya kutosha kutajwa mbele ya Mungu. Odinga mwenyewe aliyatupa majina yale mawili ya ubatizo. Wanawe walipofikia kubatizwa alisisitiza waingie kanisani na majina ya mababu, akabishana na viongozi wa kanisa hadi mwisho. Oburu na Rayila wakabaki kuwa Oburu na Rayila. Huyo wa pili, aliyezaliwa mwaka 1945 na kufariki mwaka 2025, ndiye ambaye Kenya nzima ilimfahamu kama Raila Odinga.

Ubishi huo ulitokea Maseno, mahali palipomlea na kumpa kazi. Haukuwa ubishi wa mtu wa nje anayeirushia misheni mawe. Mwalimu wa hisabati, Mkristo, mhitimu wa Makerere, ndiye aliyesema kwamba ustaarabu hauhitaji mtu aanze kwa kumwonea haya babu yake. Pengine hilo ndilo lililowaudhi zaidi waliomfunza.

Kisha akafanya jambo jingine lililowashangaza wengi: aliuacha ualimu akageukia biashara. Kwa msomi wa Makerere wa miaka ya 1940, ualimu ulikuwa cheo cha kuheshimiwa, wenye mshahara wa uhakika na jina la Mwalimu. Duka lilikuwa kazi ya Mhindi. Hiyo ndiyo ilikuwa fikra iliyotawala, na wakoloni waliitia nguvu kwa kudai kwamba Mwafrika hawezi kuendesha shughuli ya pamoja bila msimamizi Mzungu, kwamba ataila fedha au atagombana na wenzake kabla mwaka haujaisha. Odinga aliichukulia dhana hii kuwa tusi lililohitaji kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 1947 ilianzishwa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyojulikana kwa kifupi kama LUTATCO. Alizunguka Nyanza na miji ya Afrika Mashariki iliyokuwa na vibarua na makarani Waluo, akiuza hisa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kumiliki chochote zaidi ya baiskeli. Kampuni ilijenga maduka Maseno, ikaingia katika uchapishaji wa magazeti na vitabu, na katika mji wa Kisumu ikasimamisha jengo la Ramogi House.

Jengo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Kisumu ya mkoloni ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi: Milimani kwa Wazungu, katikati ya mji kwa Wahindi, na Waafrika katika mitaa michache waliyotengewa, au nje kabisa ya mipaka ya mji. Kondele, Manyatta na Nyalenda zilikua hivyo, nje ya mstari, zikiuzunguka mji kama mkanda. Mtu alilala Kondele akaingia mjini kufanya kazi, jioni akarudi. Kwa mtu huyo, kuona ghorofa mjini iliyojengwa kwa shilingi za watu kama yeye ilikuwa habari njema. Biashara zenyewe hazikustawi kama ilivyotumainiwa. Ufundi wa uhasibu ulikuwa haba na mikopo ilikuwa migumu. Lakini hoja kwamba Mwafrika hawezi hata kuanza ilikuwa imekwisha kukosa nguvu.

Katika miaka ya 1950 Odinga alichaguliwa kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Umoja wa Waluo, na jina la Jaramogi, mtu wa Ramogi, likamshika. Sehemu hii ya maisha yake husifiwa mno na waandishi, nayo inastahili kuchunguzwa kwa jicho kavu. Umoja ule ulijenga shule, ukasaidia wafiwa na kusafirisha maiti hadi nyumbani. Umoja huohuo, katika matawi yake ya mijini, ulijipa kazi ya kulinda heshima ya kabila, na heshima ya kabila ilipimwa kwa mwenendo na mavazi ya wanawake. Wanawake waliokuwa wakiishi mijini bila waume walikamatwa, wakaaibishwa hadharani na kurudishwa kijijini kwa nguvu. Baadhi yao walikuwa wafanyabiashara wadogo waliojitegemea. Desturi hii ilianza kabla ya Odinga kuwa Ker, na haifai kumbebesha yeye peke yake. Hata hivyo, aliongoza chombo ambacho kilipinga kudharauliwa na mzungu huku kikiwadharau wanawake wake chenyewe, na katika sifa zake za baadaye kwa Umoja huo suala hilo halikumkosesha usingizi.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Odinga aligombea Nyanza ya Kati akamshinda B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri katika serikali ya kikoloni. Akaenda Nairobi, na Nairobi ikapata cha kutazama. Badala ya suti na tai, mjumbe huyu alivaa kofia ya shanga, kanzu fupi au vazi la kifungo hadi shingoni, akashika usinga. Watu waliozoea kuona Mwafrika aliyesoma akijibidiisha kufanana na karani wa London walidhani ni mzaha au ni maonyesho. Mwalimu wa Makerere, aliyevaa suti bila shida alipotaka, alikuwa amechagua vazi lililowafanya wenye kumtazama wajiulize kwa nini wanacheka.

Katika Baraza hilo lugha ilikuwa Kiingereza, na hali hiyo iliendelea hata baada ya uhuru. Mgombea ubunge alitakiwa kuthibitisha kwamba anakimudu Kiingereza, na Kiswahili hakikuruhusiwa katika mijadala ya Bunge hadi mwaka 1974. Mzee aliyejua sheria za ardhi za wilaya nzima lakini hajui Kiingereza hakuwa na nafasi. Kiingereza cha Odinga kilikuwa kizuri, ila kilibeba mizani ya Dholuo, naye hakujisumbua kukinyoosha. Mwaka 1958, kwa Kiingereza hichohicho, aliwaambia wajumbe kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliokuwa kizuizini ndio waliokuwa bado viongozi wa kweli wa watu. Wajumbe wa Kizungu walifoka, na Waafrika kadhaa walijitenga naye kwa hofu. Maneno hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa kampeni ya kumtoa Kenyatta. Historia ina kejeli zake.

Ni mazoea kumlinganisha Odinga na Tom Mboya, na kwa kawaida mizani huwekwa hivi: Mboya wa mjini, kijana, suti iliyokatwa vizuri, aliyepitia Chuo cha Ruskin huko Oxford, Odinga mzee wa kijijini mwenye usinga. Magazeti ya Magharibi yalimpenda wa kwanza na kumtilia shaka wa pili. Picha hiyo ni nyepesi mno. Mboya alizaliwa na mfanyakazi wa shamba la mkonge, ilhali Odinga ndiye aliyekuwa na elimu ya Makerere yenye heshima katika macho ya watu wake na kampuni aliyoiongoza. Kama ni suala la tabaka kwa asili, aliyetoka chini zaidi ni yule mwenye suti. Tofauti yao ilikuwa katika ladha waliyochagua kuionyesha, na katika dunia ya Vita Baridi ladha ilisomwa kama siasa.

Hilo lilidhihirika katika suala la wanafunzi. Kuanzia mwaka 1959 Mboya alipeleka mamia ya vijana Marekani kwa ndege. Odinga naye, akitumia ofisi iliyokuwa Cairo, alipeleka mamia ya wengine Muungano wa Kisovieti, Ulaya ya Mashariki na China. Raila alikwenda Ujerumani ya Mashariki, akasomea uhandisi Magdeburg. Wengi wa vijana hawa walikuwa wale ambao shule chache za upili za mkoloni hazikuwa na nafasi kwao: watoto wa wakulima, makarani wa chini, walimu wasio na cheti. Walirudi nyumbani wakiwa madaktari, wahandisi na wanauchumi, na wakakuta shahada zao zinatiliwa shaka. Serikali iliwaogopa kwa sababu za usalama, na hofu hiyo inaweza kueleweka katika hali ya siku zile. Lakini pamoja na hofu palikuwa na bezo. Shahada ya Moscow ilinong'onezewa kuwa nusu shahada. Aliyesoma kwa Kirusi aliulizwa kama kweli amesoma. Hakuna aliyemuuliza mhitimu wa chuo kidogo cha Marekani swali hilo kwa ukali uleule. Waliochuja walikuwa Waafrika, wengi wao wamekalia viti ambavyo Wazungu walikuwa wameviacha juzi tu, na chujio lenyewe walilirithi pamoja na viti. Wasomi wa vyuo vikuu vyetu, ambao hadi leo hupimana kwa majina ya vyuo walivyopitia, wana sababu ya kuisoma sura hii polepole.

Uhuru ulipokuja Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwaka 1964 Makamu wa Rais. Mwaka huohuo wa 1964 alikwenda Moscow na Beijing pamoja na Joseph Murumbi, wakarudi na ahadi za misaada mingi. Miradi kadhaa haikutekelezwa kamwe. Hospitali ya Kisumu ilitekelezwa.

Wakati huo tabaka jipya lilikuwa likiota Nairobi. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, magari ya Mercedes-Benz yakaongezeka, na wananchi wakalipa tabaka hilo jina la wabenzi. Tukio moja la mwaka 1965 linaonyesha kilichokuwa kimebadilika. Katika mkutano wa hadhara, Rais Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia, aliyekuwa amefungwa pamoja naye, akamsuta mbele ya watu kwa kutojijengea mali kama wafungwa wenzao wa zamani. Kaggia alikuwa akitaka wasio na ardhi wapewe ardhi bure. Kosa lake, kama lilivyowekwa siku ile, lilikuwa umaskini wake mwenyewe. Miaka michache tu baada ya uhuru, kutokuwa na shamba kubwa kulikuwa kumegeuka kutoka kuwa dhuluma ya kupigania hadi kuwa aibu ya mtu binafsi.

Odinga alijiuzulu mwezi Aprili 1966, baada ya mkutano wa Limuru kukifuta cheo chake katika chama cha Kanu, na akakiongoza chama kipya cha Kenya People's Union, Kaggia akiwa naibu wake. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha maisha yake, Not Yet Uhuru, kilichoandikwa kwa Kiingereza huku neno moja tu la Kiswahili likilibeba jina lote. Wapinzani wake walikuwa na jibu lililokuwa tayari: Odinga naye ni tajiri, ana nyumba na biashara, anawachochea maskini asioishi nao. Jibu hilo lilikuwa na chembe ya ukweli. Kondele haikuwa makao yake. Lakini aliwahutubia watu wa Kondele kama watu wenye haki ya kuuliza mali ya nchi imekwenda wapi, na kwa mkazi wa mabanda ya udongo hiyo ilikuwa tofauti kubwa.

Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Nyanza ilikuwa bado katika matanga Kenyatta alipofika Kisumu mwezi Oktoba kuifungua hospitali. Umati ulikuwa mkubwa, vijana wa KPU walipaza sauti wakiitaja dume, alama ya chama chao, na Odinga alikuwepo mwenyewe, mtu aliyeiomba hospitali ile akiwa sasa mgeni asiyetakiwa katika hafla yake. Hotuba ya Rais ilikuwa ya Kiswahili, na ilikuwa na matusi ya wazi dhidi ya Odinga na wafuasi wake. Miongoni mwa wanasiasa wa wakati ule dharau dhidi ya Waluo haikuishia katika itikadi. Iligusa hata mila zao za mwili, kana kwamba mtu asiyetahiriwa hajakomaa kuongoza wengine. Mawe yalirushwa. Walinzi wa Rais walifyatua risasi, na waliendelea kufyatua huku msafara ukiondoka, wakawapata watu waliosimama kando ya barabara, wakiwemo watoto. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Majeruhi walihitaji hospitali, na hospitali mpya ilikuwa palepale.

Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi mwaka 1971. Mara kadhaa alizuiwa kugombea ubunge. Rais Daniel arap Moi alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba kisha akamwondoa. Mwaka 1982 alifukuzwa katika Kanu na kuzuiliwa nyumbani kwake. Alirudi kwa kishindo mwaka 1991 akiwa miongoni mwa waasisi wa FORD, akagombea urais mwaka 1992 akiwa amepita umri wa miaka 80, akashindwa, akawa kiongozi wa upinzani Bungeni. Kofia ya shanga ilikuwa bado kichwani. Safari hii hakuna aliyecheka. Vijana wenye shahada za sheria walijipanga kupigwa picha kando yake.

Jaramogi alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Aliaga dunia katika Hospitali ya Aga Khan, hospitali ya binafsi iliyoko mjini, umbali mfupi kutoka ile ya umma iliyotokana na safari yake ya Moscow. Alizikwa Nyamira Kang'o. Miaka mingi baadaye hospitali ya karibu na Kondele ilipewa jina lake rasmi, na ubao ukabadilishwa langoni. Mipaka ya mji ilikuwa imekwisha kupanuliwa zamani na Kondele ikaingia ndani yake, pamoja na vibanda vyake, wachomeleaji wake na foleni ya asubuhi ya wagonjwa wanaoshuka matatu hapo na kusema wanakwenda Russia.